Visafishaji vitokanavyo na nazi: kwa nini kilicho laini nacho kinaweza kukuwasha

"Mtaalamu, habari za kazi. Tangu utotoni nina ngozi kavu, na ngozi ya kichwa huniwasha nikitumia shampuu za kawaida. Miezi mitano iliyopita niliacha kila kitu chenye salfeti, yaani visafishaji vya shampuu za kawaida, nikahamia shampuu na sabuni ya maji ya kuogea zilizoandikwa kwamba zimetokana na nazi, ni laini na hazina salfeti. Miezi mitatu ya kwanza nilifurahi sana. Baada ya hapo kope zikaanza kuwasha, zikavimba kidogo na kubanduka magamba, kisha nyuma ya masikio na shingoni. Dada yangu anasema haiwezekani nazi inidhuru, maana naila na kujipaka mafuta yake bila shida yoyote. Yeye hutengeneza mwenyewe sabuni ya mafuta ya nazi, na ananishauri nihamie hiyo kwa kuwa haina kemikali. Nina pia mtoto wa miaka 3 mwenye pumu ya ngozi, ambaye namwogesha kwa sabuni hiyohiyo ya maji. Je, nimekosea wapi, na nifanye nini?"

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kueleza kwa undani, hasa ulipotaja kope, nyuma ya masikio na shingo. Kazi yangu ni kutunga na kuchunguza vipodozi, na madaktari wa ngozi hunipelekea chupa za wagonjwa wao nizisome; nimejifunza kwamba mahali upele ulipotokea mara nyingi husema mengi kuliko upele wenyewe. Nikikuelewa vizuri, unauliza imekuwaje bidhaa uliyoichagua kwa uangalifu, inayotokana na mmea unaouamini, ikufae kwa miezi mitatu kisha ikugeuke. Nianze kwa kukuondolea lawama: hukukosea kutafuta kisafishaji laini, kwa sababu ngozi kavu inakihitaji kweli. Tatizo liko katika maana kubwa mno iliyobebeshwa neno "nazi" kwenye lebo, na katika kuchanganya mambo mawili ambayo kwa ngozi ni tofauti kabisa, yaani ngozi kuchokozwa na ngozi kuwa na mzio.

Mafuta ya nazi yenyewe hayaoshi. Ukiyamimina kwenye glasi ya maji na kukoroga, baada ya muda mfupi yamerudi juu kama yalivyokuwa. Mafuta haya ni gliserini iliyoshikana na asidi za mafuta tatutatu, na karibu nusu ya asidi hizo ni za aina moja, asidi ya lauriki, yenye mnyororo wa kaboni 12. Jina la lauriki limetokana na mti wa lauri, wala si mnazi, lakini kwa vitendo maneno yenye "laur" na yenye "coco" kwenye lebo mara nyingi ni ndugu wa damu. Kiwandani mnyororo huo hutenganishwa na gliserini, kisha ncha yake moja huungwa na kitu kingine kinachopenda maji. Hapo ndipo kisafishaji huzaliwa: molekyuli yenye mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Mikia hujichomeka ndani ya uchafu wenye mafuta, vichwa hubaki vimeelekea majini, na molekyuli nyingi hukusanyika kuwa tufe dogo sana liitwalo miseli, lenye mafuta tumboni, ambalo husombwa na maji unapojisuuza.

Kwa hiyo nazi inatoa mkia. Tabia ya kisafishaji kwenye ngozi yako hutegemea zaidi kichwa kilichoungwa na mkia huo, na hilo lebo ya mbele haikwambii. Hata sodiamu laurili salfeti, ambayo ndiyo uliyoikimbia, hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi. Ni mkia uleule wa kaboni 12, ila umepachikwa kichwa kidogo chenye chaji kali, na ndiyo maana watafiti wa ngozi wanapotaka kuichokoza ngozi kwa makusudi ili wapime dawa au krimu, kiambato hiki ndicho hutumiwa kama kipimo cha kawaida. Mtengenezaji anayeandika kwamba salfeti yake imetokana na nazi hasemi uongo. Amesema tu jambo lisilokusaidia kujua chochote kuhusu upole wake.

Inafaa ujue pia ni nini hasa hutokea ngozi inapochokozwa. Tabaka la juu la ngozi ni seli bapa zilizojaa protini ya keratini, na katikati ya seli hizo pamejazwa mafuta maalumu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayozuia maji ya mwilini yasipotee. Kisafishaji kikali hufanya madhara mawili kwa wakati mmoja: huyaiba mafuta hayo, na hujibandika kwenye keratini na kuifanya ivimbe, kisha ikikauka ijikunje. Ule mkazo wa uso unaousikia dakika chache baada ya kuoga, ambao watu wengi huudhania kuwa ndiyo usafi, kwa sehemu kubwa ni huko kujikunja. Kwenye nywele hali hufanana. Magamba yake yamelaliana kama makuti yaliyoezekwa, na yakivuliwa mafuta na kuinuka, unywele hukwaruzana na mwenzake na kukatika.

Sasa tazama vichwa vingine. Kokoili isethionati ina kichwa kikubwa kidogo na kisichong'ang'ania protini sana. Ndiyo iliyowekwa kuwa msingi wa kipande cha kuogea cha Dove kilipoingia sokoni Marekani mwaka 1957, kwa hiyo visafishaji laini vya nazi si uvumbuzi wa jana. Kokoili glutamati ina kichwa cha asidi amino. Koko-glukosidi na ndugu yake desili glukosidi zina kichwa cha sukari kisicho na chaji yoyote. Kokamidopropili betaini, ambayo pengine ndiyo maarufu kuliko zote na ambayo nitairudia hapa chini, ina chaji chanya na hasi ndani ya molekyuli moja. Zote hizi, kwa ngozi ya watu wengi, ni pole kuliko laurili salfeti.

Hata hivyo, jambo ambalo natamani kila msomaji wa lebo alielewe ni la mchanganyiko. Chukua maji yenye laurili salfeti, kisha ongeza betaini bila kupunguza chochote. Jumla ya visafishaji imeongezeka, na mtu angetarajia ngozi ichokozwe zaidi, lakini kinachotokea ni kinyume chake: uchokozi hupungua. Sababu ni kwamba anayepenya kwa urahisi kwenye ngozi ni molekyuli iliyo peke yake, wakati miseli ni kubwa na hupita kwa shida. Betaini hujipenyeza katikati ya vile vichwa vinavyosukumana, ikavituliza, na molekyuli nyingi zaidi zikakubali kukaa kundini. Zinazozurura peke yake zinapungua. Ndiyo maana shampuu yenye salfeti iliyotungwa na mtu anayejua kazi yake inaweza kuwa pole kuliko isiyo na salfeti iliyotungwa ovyo, na ndiyo maana naomba usiendelee kulichukulia tangazo la "haina salfeti" kama hakikisho. Baadhi ya bidhaa hizo zimewekewa olefini salfoneti, ambayo kwa jina si salfeti, lakini kwa ukali haiko mbali nayo.

Povu nalo lisikudanganye kwa upande wowote. Povu jingi halimaanishi usafi, na povu dogo halimaanishi upole.

Nije kwa sabuni ya dada yako, ambaye naamini anakushauri kwa mapenzi. Kusema kwamba haina kemikali si sahihi, kwa sababu mafuta ya nazi hayawi sabuni mpaka yapikwe na kostiki soda, ambayo ni miongoni mwa kemikali kali kabisa ambazo mtu anaweza kuziingiza nyumbani. Ikipimwa sawasawa huisha yote katika kugeuka sabuni; ikizidi hata kidogo, inabaki ndani ya kipande na kuunguza ngozi. Hata ikipimwa vizuri, sabuni halisi haiwezi kuacha kuwa na ualkali. Ukigusisha karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, kwenye povu la sabuni ya nazi, rangi yake huenda upande wa kijani hadi buluu, yaani pH ya 9 hadi 10; ukiigusisha kwenye povu la kipande cha isethionati hubaki kwenye njano au karibu na hapo. Ngozi yenye afya iko kati ya 4.5 na 5.5, na kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara 10, kutoka 5 hadi 10 ni tofauti ya mara 100,000. Vimeng'enya vya ngozi vinavyotengeneza seramidi hufanya kazi vizuri kwenye asidi kidogo, hivyo kila unapoinua pH unavichelewesha kukarabati kilichoharibika.

Tena, kati ya sabuni zote, ya mafuta matupu ya nazi ni mojawapo ya zile zinazokausha zaidi. Minyororo yake mifupi huyeyuka upesi na kutoa povu hata kwenye maji ya bahari, jambo ambalo sabuni nyingi haziwezi, na kasi hiyohiyo ndiyo inayoyavua mafuta ya ngozi. Mafundi wazuri huipunguza makali kwa kuacha sehemu ya mafuta bila kugeuzwa sabuni. Mtu mwenye ngozi ya mafuta na isiyo na maradhi anaweza kuitumia mwilini bila madhara ya maana. Kwako wewe, na kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, jibu langu ni hapana.

Mafuta ya nazi yenyewe, kabla hayajageuzwa kitu kingine, ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, ukaona kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele wakati wa kuosha, kwa sababu molekyuli zake ni nyembamba na zimenyooka kiasi cha kuingia ndani ya unywele. Ukiyapaka kwenye urefu wa nywele kabla ya kuosha, unazisaidia kweli. Kwenye ngozi ya kichwa yenye mba usiyaache yakalala, kwa kuwa kuvu wadogo wa jamii ya hamira wanaohusika na mba huishi kwa kula mafuta.

Sasa turudi kwenye kope zako, maana hapo ndipo hofu yangu ilipo. Kuchokozwa na kuwa na mzio ni vitu viwili. Ngozi iliyochokozwa hulalamika mapema, mara nyingi tangu matumizi ya kwanza, na inaweza kumpata mtu yeyote ikiwa bidhaa ni kali au imetumika kupita kiasi. Mzio wa mguso una mwendo wa taratibu. Kinga ya mwili hukutana na kitu fulani mara nyingi bila kusema lolote, siku moja ikakitambua kuwa adui, na tangu hapo hukikumbuka kwa miaka mingi, hata kiwe kidogo namna gani. Miezi mitatu ya furaha ikifuatiwa na upele, kama ulivyosimulia, inafanana zaidi na mwendo huu wa pili. Mahali ulipotokea napo panashuhudia: unapoosha nywele, povu huteremka kupitia kope, nyuma ya masikio na shingoni, na ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko yote mwilini, hivyo huweza kuwaka hata ngozi ya kichwa ikiwa imetulia. Na kwa kuwa upele wa mzio huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, ni rahisi kumlaumu wanja wa jana na kuisahau shampuu ya juzi.

Katika bidhaa ya aina yako, mshukiwa wa kwanza ninayemfikiria ni kokamidopropili betaini. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa mguso, ambacho kila mwaka huchagua kisababishi kimoja cha mzio ili madaktari wakizingatie, kilikichagua kiambato hiki mwaka 2004. Mwaka 2017 kikazichagua glukosidi, zile zenye kichwa cha sukari. Usilichukue hilo kama ushahidi kwamba viambato hivi ni sumu, kwa sababu mamilioni ya watu huvitumia kila siku bila tatizo. Maana yake ni kwamba upole ni jambo moja na uwezo wa kuamsha mzio ni jingine. Tena, kwenye betaini mara nyingi mkosaji ni masalia ya kiwandani, amini mbili ambazo hazikuisha kubadilishwa, na kiasi chake hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Protini ya nazi, ile inayomdhuru mtu mwenye mzio wa kula nazi, haina nafasi kwenye habari hii. Unaweza kuila nazi maisha yako yote kwa amani na bado kope zikakataa betaini, na hapo ndipo hoja ya dada yako inapokwama.

Lakini nisiihukumu betaini bila kesi. Chupa hizo pia zina manukato na vihifadhi, na kimojawapo, methiliisothiazolinoni, kimesababisha mzio kwa watu wengi hadi Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 kwenye losheni na vipodozi vyote vinavyobaki mwilini, na kukibana kiwe sehemu 15 tu kwa milioni kwenye vile vinavyosuuzwa. Hata rangi ya kucha inaweza kuwasha kope, kwa sababu vidole hugusa macho bila sisi kujijua.

Njia ya hakika ya kumjua mkosaji ni kipimo cha viraka kwa daktari wa ngozi. Hubandikwa viraka vidogo mgongoni, kila kimoja na kiambato chake kwa kiwango kilichopimwa, huachwa kwa saa 48, kisha daktari huvisoma siku hiyo na tena siku kadhaa baadaye. Ni usumbufu, kwani siku hizo huwezi kuulowesha mgongo, lakini ukishajua jina moja la kukwepa utaacha kuishi kwa kubahatisha. Tafadhali usijaribu kuiga kipimo hiki kwa kupaka shampuu nzima mkononi na kuifunika. Kisafishaji chochote kisichosuuzwa huchokoza ngozi, na utapata jibu la uongo.

Wakati unasubiri, acha bidhaa zote mbili kwa wiki 4 hadi 6, na usitazamie nafuu ndani ya siku tatu, kwa kuwa upele wa mzio hufifia polepole. Tafuta shampuu isiyo na manukato, na usome nyuma ya chupa ukilitafuta neno lolote lenye "amidopropyl" katikati yake. Siyo betaini tu, bali jamaa zake kadhaa hubeba masalia yaleyale. Kwa muda huu kwepa pia majina yanayoishia na "glucoside". Nakiri kwamba hapo uchaguzi utakuwa mdogo, kwani betaini imo kwenye shampuu nyingi mno. Kipande cha kuogea chenye msingi wa isethionati huwa chaguo zuri kwa mwili, lakini baadhi yake pia vimetiwa betaini, kwa hiyo soma hadi mwisho wa orodha. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kuwekwa kwa mpangilio wowote, na kwa mwenye mzio hata hivyo vya mwisho vina uzito. Usioshe uso kwa maji yaliyotoka kichwani. Inamisha kichwa mbele unapoosha nywele, ili povu lisipite kwenye kope.

Kuna jambo moja nakusihi kwa moyo wote: usipake kwenye kope krimu yoyote yenye steroidi kwa ushauri wa jirani au kwa kuwa ilimsaidia mtu mwingine. Hutuliza haraka, na ndiyo maana hupendwa, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu karibu na macho huikondesha ngozi na inaweza kupandisha shinikizo la jicho. Daktari akikuandikia, atakupa iliyo dhaifu na kwa siku za kuhesabika.

Kwa mtoto, mwache naye apumzike na sabuni hiyo, hata kama hajaonyesha upele mpya, kwa sababu ngozi yenye pumu haina kinga kamili na huruhusu vitu kupenya. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, kisafishaji kikiwa kidogo na kwa sehemu zinazochafuka tu, kisha mkaushe kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, na umpake mafuta mazito yasiyo na manukato angali na unyevunyevu. Ukiona ngozi yake inatoa majimaji, imefanya ukoko wa njano, au yametokea malengelenge madogo ya kuuma yaliyojikusanya pamoja huku ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Wewe mwenyewe usisubiri hizo wiki 4 ikiwa jicho lenyewe litakuwa jekundu na kuuma, ukiona ukungu, uvimbe ukikuzibia jicho, au nywele zikianza kutoka kwa mabaka. Midomo au ulimi kuvimba, au kupumua kwa shida, ni dharura ya saa ileile.

Na zile chupa mbili usizitupe. Zipige picha nyuma, orodha ya viambato isomeke yote, kisha uzifunge kwenye mfuko na uende nazo kwa daktari pamoja na kila kingine kinachogusa kichwa, uso na kucha zako, hata kile ulichokitumia miaka kumi bila shida. Mwambie ulianza lini kila kimoja, na upele ulianza lini na wapi kwanza.